Unataka kununua flugelihoni? Usiijaribu kama tarumbeta

Hili swali, nichague vipi flugelihoni, ile ndugu ya tarumbeta yenye sauti nene, nimelijibu kwa simu, nimelijibu nje ya kanisa baada ya ibada, nimelijibu hata kwenye daladala nimening'inia mlangoni, sasa wacha niliandike lote nipumzike. Kijana anapiga tarumbeta vizuri tu, kwaya inamtegemea, siku moja kamsikia mtu na flugelihoni sauti inateleza kama asali ya Tabora, naye kaitaka. Kajichanga mwaka mzima. Anaingia dukani, anaishika, anavuta pumzi na kitu cha kwanza anachofanya ni kupasua do ya juu kwa nguvu zake zote mpaka watu wageuke. Ikilia anasema hii kali, nifungie. Hapo ndo hela inapotea.

Ameijaribu kama tarumbeta, yaani kaipima kwa kitu ambacho tarumbeta yake ya nyumbani tayari inakifanya tena vizuri zaidi. Flugeli (ntaiita hivyo, jina refu linachosha vidole) hununui kwa ajili ya juu na kelele. Unanunua katikati na chini, unanunua upole. Kwa hiyo dukani ijaribu polepole, chini chini, na tyuna mezani (kile kifaa au programu ya simu inayopima kama noti iko sawa). Hilo ndo kubwa, haya mengine ni namna ya kulifanya.

Kwanza tujue tunanunua nini. Ukilinyoosha bomba la flugeli urefu wake ni uleule wa tarumbeta ya si bemoli (Bb), karibu mita moja na nusu, vidole vilevile, karatasi ya tarumbeta unaisoma bila kubadili kitu. Tofauti ni umbo. Tarumbeta sehemu kubwa ya bomba lake ina upana mmoja halafu inafunguka mwishoni, ila flugeli inaanza nyembamba na kuendelea kupanuka karibu njia nzima kama pembe ya mbiu, mpaka kufika kwenye beli, ule mdomo mpana wa mbele, ambao kipenyo chake ni sentimita 15 au 16 hivi wakati wa tarumbeta ni kama 12. Ndo maana sauti inatoka nene, ya giza kidogo, haichomi. Msikilize Clark Terry, msikilize Art Farmer, wote wapiga jazi wa Marekani, au hapa kwetu Afrika marehemu Hugh Masekela, yule Msauzi aliyekuwa mmoja wa waandaaji wa lile tamasha kubwa la muziki Kinshasa 1974. Masekela alikua anaipuliza kwa nguvu kweli lakini sauti bado ni ya mviringo, haikati sikio.

Sasa jiulize utaipigia wapi, na ujijibu kwa ukweli. Kama riziki yako ni matarumbeta ya harusi, mmepanda juu ya kirikuu, msafara unatoka saluni kwenda ukumbini, bodaboda zinapiga honi huku na huku na ngoma iko mgongoni kwako, ndugu yangu hiyo hela nunua tarumbeta nzuri zaidi. Flugeli pale itamezwa, na we utakamua mpaka midomo ivimbe, na hakuna atakayejua umebadilisha ala. Lakini kama unapiga ndani, nyimbo za ibada na kinanda, bendi ya hoteli, studio, kwaya inayoimba taratibu, hapo inalipa. Na wale wa bendi za mtindo wa Kiingereza, kama zile za Jeshi la Wokovu kule Kenya, wao flugeli ni moja tu kwenye bendi nzima na inakaa jirani na zile hani ziitwazo tenor horn, kwa hiyo mpigaji wake anapewa solo mpaka anazichoka.

Ya kwangu ya kwanza nikwambie ilivyokua ili usirudie. Niliinunua mpya kabisa, duka silitaji, na jina lililochorwa kwenye beli silitaji pia maana sidhani hata kiwandani walikua wanalijua. Boksi ndani velveti nyekundu, ala inang'aa kama sufuria ya maonyesho. Nikapasua do ya juu, ikalia, nikalipa. Jumapili ya Pasaka nimesimama pembeni ya kinanda, tunaanza ubeti wa kwanza, do iko sawa, sol iko sawa, nikafika mi, mi iko chini kabisa, yaani kama imechoka. Nikabana midomo kuipandisha. Ubeti wa pili nikasukuma bomba ndani mi ikapona, sol ya juu ikaruka juu. Waimba soprano wakaanza kuangaliana. Ubeti wa tatu nikajifanya nageuza karatasi. Miezi minne baadaye pistoni ya pili ikawa ukiibonyeza inabaki hukohuko chini inatafakari, halafu lehemu ya kishikio cha slaidi ya tatu (slaidi ni bomba dogo la pistoni linalovutwa kutoka na kuingia) ikaachia, na kwa kua sikua namjua fundi wa ala nikaipeleka kwa fundi wa rejeta. Akaigeuza geuza, akaniuliza, "Hii ya gari gani?"

Basi tuanze na mausipisi, kile kipande unachopulizia, maana hapa watu wengi wanafeli kabla hata ala haijapulizwa. Mausipisi ya tarumbeta haifanyi kazi kwenye flugeli. Hata ukiilazimisha ikaingia, kikombe chake ni kifupi, cha mviringo kama bakuli, na flugeli inataka kikombe kirefu chenye umbo la faneli, lile la kumiminia mafuta ya taa. Ukiweka kifupi umetengeneza tarumbeta mbovu. Halafu mkia wa mausipisi, ile sehemu inayoingia kwenye bomba, uko wa aina tatu na hazichanganyiki: kuna mkia mdogo ambao ndo wa Yamaha, kuna mkubwa ambao ndo wa Bach, na kuna wa Kifaransa ambao karibu umenyooka tu kama penseli, utaukuta kwenye zile Couesnon za zamani. Ukichomeka usio wake utaona dalili, inacheza kama jino bovu, au inaingia kidogo tu inagoma, au inazama kupita kiasi, na tyuni yote inaharibika hata kama flugeli yenyewe ni nzima. Nimeshaona mtu amezungushia karatasi ya daftari kwenye mkia ili ikae. Kwa kujaribu dakika mbili sawa, kwa kuishi nayo hapana, pumzi inavuja pembeni.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili, mausipisi iliyokuja nayo ni ipi na mkia wake ni aina gani. Asipojua sio dhambi, ila we ujue. Na ukingo, pale midomo inapokaa, tafuta unaofanana na wa tarumbeta yako, kama unapigia 3C basi tafuta ya flugeli yenye ukingo wa saizi hiyohiyo, la sivyo kila ukibadilisha ala katikati ya ibada midomo inapotea njia. Ukiwa na mausipisi yako nzuri ya mkia sahihi nenda nayo dukani. Kuna flugeli nimeidharau asubuhi na mausipisi ya dukani, mchana nikaijaribu na yangu ikawa ala nyingine kabisa.

Sasa tyuni, na hapa tukae kidogo maana ndo penyewe. Flugeli haina ile slaidi kubwa ya mbele ya kutyunia kama tarumbeta. Kwa sababu bomba linapanuka karibu njia nzima huwezi kuweka slaidi ndefu katikati, kwa hiyo unatyuni palepale mwanzo, kwenye bomba unalochomeka mausipisi, linaingia na kutoka na linabanwa na skrubu ndogo. Angalia hiyo skrubu kabla ya kitu chochote. Ilegeze, vuta bomba, sukuma, kaza. Likigoma kutoka kwenye ala mpya kuna kitu hakijakaa sawa, na likiwa linazunguka hata baada ya kukaza, utalishika kwa mkono maisha yako yote.

Piga dakika tano za kupasha moto kwanza, ala ya baridi inadanganya. Kisha vuta hilo bomba kama sentimita moja hivi, utyuni sol ya katikati. Ukiona hata ukilisukuma lote ndani bado uko flati, yaani chini ya noti, iache dukani, hakuna fundi wa kukufupishia kirahisi. Na ukiona uko sawa likiwa limezama lote, mimi naiacha pia, maana huna akiba. Joto linapandisha ala za kupuliza, baridi linashusha, na kinanda chenyewe kimekaa pale 440 (kipimo cha kawaida cha noti ya la) hakijali hali ya hewa. Flugeli iliyokua sawa Dar mwezi wa kwanza unatoka jasho, ipeleke Njombe mwezi wa saba uone. Unataka nafasi ya kuvuta na nafasi ya kusukuma.

Baada ya hapo piga zile noti zisizo na pistoni, do ya chini, sol, do, mi, sol ya juu, moja moja ndefu, kwa sauti ya kati. Usiangalie tyuna mwenyewe! Ukiangalia midomo inakimbilia kurekebisha bila we kujua. Mpe rafiki simu, we funga macho, yeye aandike. Mwambie mapema kwamba tyuna itamwonyesha majina mengine, do yako itaandikwa Bb, sol ni F, mi ni D, asije akakwambia ala yote mbovu. Mi kua chini kidogo na sol ya juu kua juu kidogo ni maumbile ya ala zote za jamii hii, hilo usiliogope, senti tano mpaka kumi (senti ya tyuna ni sehemu moja ya mia ya nusu sauti) midomo inamaliza. Ikifika ishirini na kitu hiyo ni kama ile yangu ya Pasaka. Halafu shuka kwa pistoni, nusu sauti nusu sauti, mpaka ile fa diyezi ya chini kabisa, tena kwa sauti ndogo, ya mtu anayebembeleza mtoto. Sikiliza noti inavyoanza. Inaanza papo hapo, au kwanza unasikia hewa "fffu" ndo sauti inafuata? Sikiliza kama noti zote zina rangi moja au kuna moja imeziba kama ina mafua. Huu ndo mtihani wa flugeli. Ile do ya juu utaipiga mwisho ukitaka, kwa kufurahi tu, na ikiwa nyembamba kidogo usishangae, huko sio kwake.

Re ya chini inayopigwa na pistoni ya kwanza na ya tatu, na do diyezi ya zote tatu, zitakua shapu, yaani juu ya noti. Hazikwepeki, ni hesabu ya mabomba, ukibonyeza mbili tatu kwa pamoja urefu unaoongezeka hautoshi. Dawa yake ni kurefusha slaidi ya tatu wakati unapiga. Kwa hiyo angalia slaidi ya tatu ina nini: pete ya kuingiza kidole, au triga, yaani kale kamkono ka chuma kenye springi unakavuta kwa mkono wa kushoto na slaidi inatoka yenyewe. Mi napenda triga, ila iwe laini na isirudi kwa kishindo, kuna nyingine zinalia "klak" katikati ya sala. Isiyo na pete wala triga mi siinunui, hata uniongezee boksi la ngozi. Kaa nayo ukiwa umeishika kama unapiga, uone vidole vyako vinafika kweli, maana mikono haifanani, dada mmoja kwenye bendi yetu ana vidole vifupi na triga ya ala fulani ghali sana ilimshinda, akachukua ya bei ndogo inayomkaa mkononi na hajawahi kujuta.

Utaona pia za pistoni nne. Ya nne inashusha sauti kwa nusu sauti tano, kama kutoka do mpaka sol ya chini yake, kwa hiyo pale unapopiga moja na tatu unapiga ya nne peke yake na tyuni inakaa vizuri, na unaweza kushuka chini zaidi ya kawaida. Nzuri, lakini inaongeza uzito na bei, na kama hujui leo utaitumia wapi basi huihitaji.

Pistoni zenyewe. Bonyeza kila moja bila kupuliza, haraka, polepole, kisha kwa pembeni kidogo maana hakuna mtu anayebonyeza wima kabisa akishachoka. Zirudi juu zote kwa kasi moja. Halafu fanya hivi, muuzaji atashangaa lakini fanya: bila kubonyeza pistoni, vuta slaidi yake nje kidogo, subiri ukihesabu mpaka tano, sasa bonyeza. Unatakiwa kusikia "pop!" kama kizibo cha chupa. Hiyo ni hewa inayokimbilia ndani ya slaidi ulikokua umeacha utupu, maana yake pistoni na nyumba yake zinakaa vizuri na hakuna kuvuja. Ukisikia "fsss" au kimya, inavuja. Kwenye mtumba kukosa pop maana yake imeshalika, kwenye mpya maana yake imetengenezwa hovyo, na hakuna mafuta ya kutibu hilo. Usivute slaidi kwa nguvu kama imegoma lakini, utaling'oa lehemu na utalipia.

Kuhusu upana wa ndani wa bomba, watu wanabishana mpaka asubuhi. Kuna flugeli nyembamba za mtindo wa Kifaransa, milimita 10 na nusu hivi pale kwenye pistoni, na kuna pana zinazokaribia tarumbeta, 11.7 hivi. Nyembamba zinabana pumzi kidogo ila noti inakaa mahali pake na sauti ina kiini. Pana zinapulizika kirahisi, unajisikia mfalme, lakini noti zinateleza ukizembea na sauti inaweza kutawanyika ukumbini. Mtu anayetoka kwenye tarumbeta huwa anaipenda pana siku ya kwanza, halafu baada ya mwezi anaanza kulalamika tyuni. Mi nasema anayeanza achukue nyembamba au ya kati, kama milimita 11.

Metali ya beli nayo ni hadithi ndefu, ntaifupisha. Shaba ya njano ya kawaida ina kopa (shaba safi) asilimia 70 na zinki 30, ile ya rangi ya dhahabu ina kopa kama 85, na ile nyekundu kama 90. Kopa ikizidi sauti inasemekana inakua ya joto zaidi, na kwa masikio yangu kweli tofauti ipo ila ni ndogo kuliko ya mausipisi. Kwa sisi wa pwani kuna sababu nyingine ya kuangalia kopa: jasho, mate na chumvi ya hewani vinakula zinki, na bomba la mwanzo linaanza kutoa vidoa vya pinki, halafu siku moja kidole kinapita. Shaba nyekundu inavumilia zaidi, kwa hiyo nikikuta ala ambayo bomba la mausipisi ni la shaba nyekundu naipa maksi. Rangi ya juu chagua unayoipenda, tofauti ni usumbufu tu. Iliyopakwa fedha inakua nyeusi ukiiacha bila kufuta, ya vanishi inabanduka pale mkono unaposhika. Kitambaa ndani ya boksi, unafuta kila ukimaliza, zote zitadumu.

Haya, bei na majina. Sio mimi ninayepanga bei, na zinabadilika, kwa hiyo chukua kama picha tu. Zile zisizo na jina, au zenye jina la kuokoteza, za dola 200 mpaka 400, mpya, zimejaa mtandaoni na madukani kwetu pia. Siwezi kusema zote mbovu, nimewahi kushika moja iliyopita mtihani wa tyuni vizuri kabisa, lakini ni bahati nasibu, na ukishinda bahati nasibu ya tyuni unabaki na ya vipuri. Hatua ya pili wako akina Jupiter na Carol Brass, wote wa Taiwan, hapo unaanza kupata ala ambayo unaweza kuzeeka nayo. Kisha Yamaha YFH-631G, ya beli ya shaba ya dhahabu na upana wa milimita 11, hiyo ndo unaikuta kila mahali duniani na mpya ni zaidi ya dola 2,000 kwa mbali, lakini hata ukiiuza baada ya miaka kumi mtu anainunua. Getzen wa Marekani wana Eterna 895, pana, wapiga jazi wengine wanaipenda. Courtois wa Ufaransa na Besson wanapendwa sana kwenye bendi za mtindo wa Kiingereza. Bach 183 ina bomba jembamba kuliko nyingi. Adams na Van Laar wa Uholanzi, hao ni watu wa kukutengenezea mpaka unene wa beli uchague mwenyewe, sasa huko mi naangalia picha tu kama mtu anayeangalia nyumba za Masaki.

Tahadhari na Yamaha ya bei ya kutupa. Ikiuzwa mpya kwa robo ya bei yake, sio Yamaha. Tafuta namba ya usajili, kawaida imechongwa kwenye nyumba ya pistoni ya pili, na angalia imechongwa kweli au imebandikwa.

Kama hela haifiki Yamaha mpya, mtumba mzuri unaishinda mpya mbovu mchana kweupe. Makanisani kwetu, KKKT (Walutheri) na Moraviani hasa, ala nyingi zimekuja na Wajerumani tangu enzi za wamisionari mpaka marafiki wa usharika wa leo, na huko flugeli ni kitu cha kawaida kwenye bendi zao za kanisa, jina lenyewe ni la Kijerumani, Flügel, bawa. Lakini jua kwamba nyingine zinazotoka huko sio za pistoni, ni za valvu za kuzunguka, zinashikwa tofauti na zinalainishwa tofauti, mafuta ya pistoni unayoyajua sio ya kwake. Sauti yake tamu mno. Ila muulize kwanza fundi wako kama anaweza kuzifungua, wengi hawazigusi. Kwenye mtumba wowote kagua vidoa vya pinki, kona ya beli kama imebonyea (kubonyea kidogo kwenye beli hakuna neno, kwenye bomba la mwanzo kuna neno), na kila kishikio ukitikise kwa kidole gumba.

Ukiagiza nje, maduka mengi makubwa ya Ulaya yanakupa siku 30 za kurudisha, ila nauli ya kurudisha kutoka Mbeya hawakulipii wao. Piga hesabu ya usafiri, ushuru, na VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 kwa ndugu zetu wa Kenya, mara nyingine ile ya dukani hapa iliyokua inaonekana ghali inageuka kua nafuu. Kama una shemeji au binamu anakuja kutoka Ujerumani au Uingereza, flugeli kwenye begi lake laini kwa kawaida inaingia sehemu ya juu ya ndege, asiitupe kwenye mizigo ya chini. Na kabla hajalipa, muuzaji akurekodie video akipiga zile noti tano nilizosema, na tyuna ionekane pembeni. Muuzaji asiye na chakuficha anafanya.

Ya pili yangu niliinunua hivi. Nilikua nimebakiza mbili, moja ghali yenye jina, nyingine mtumba ya Yamaha imebanduka vanishi pale pote mkono unaposhika. Nikamwomba mzee wetu wa bendi, amepiga tangu ujana wake jeshini, aje kanisani siku ya kazi hakuna watu. Akakaa benchi la mwisho kabisa, akageuza mgongo, akavua kofia. Nikapiga ubeti mmoja wa wimbo anaoupenda na ya kwanza, ubeti uleule na ya pili, kisha nikachanganya bila kumwambia, mara tatu. Kila mara alinyanyua kidole kwa ileile. Nikamwambia, mzee, hiyo uliyochagua ndo kuukuu. Akasema, "Kwani hiyo nyingine umeshalipia?" Nikasema bado. "Basi usijisumbue kuniuliza mimi, we mwenyewe ulipokua unapiga hii ya kuukuu umefumba macho, ile nyingine ulikua unaiangalia."

Nikalipa ya kuukuu, chenji nikanunua mausipisi sahihi na chupa mbili za mafuta ya pistoni. Stendi nikasahau, nikajua ntatumia ile ya tarumbeta. Usitumie. Kigingi chake ni chembamba kwa beli ya flugeli, inasimama vizuri mpaka mtoto apite mbio, na watoto wa Sunday school hawatembei.